Shajara ya mradi: mashine ya kuranda iliyotumika kwa karakana ya Keko

Februari, mwanzoni: mahitaji na kanuni ya kazi

Karakana yetu ya Keko, Dar es Salaam, imekuwa ikipeleka mbao zake kurandwa kwenye mashine za watu wengine kwa malipo, na mbao zinazorudi mara nyingi huwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kiasi kwamba fundi hulazimika kuzirudia kwa randa ya mkono kabla ya kuchonga ndimi na matundu. Mradi huu ni wa kununua mashine yetu wenyewe, iliyokwishatumika, yenye upana wa milimita 300 hivi, yenye meza mbili za juu za kunyooshea mbao na meza ya chini ya kusawazishia unene. Mashine mpya ya chuma kizito ya aina hiyo imepita uwezo wetu. Zile mpya nyepesi zinazopatikana kwa bei nafuu zina meza za bati au za alumini nyembamba, nazo sioni kama zitahimili mninga na mkongo wa kila siku.

Kabla ya kutoka kwenda kutazama chochote nimeandika kanuni moja ambayo nitaifuata hadi mwisho. Kila kasoro nitakayoikuta itaingia katika fungu moja kati ya mawili: kasoro ambayo dawa yake inauzwa katika maduka ya mitaa ya Gerezani au Kariakoo kwa bei inayojulikana, na kasoro ambayo dawa yake haiuzwi popote. Beringi, mkanda, kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka), swichi, waya na visu vimo katika fungu la kwanza, na huko vinatumika kama hoja ya kupunguza bei tu. Meza iliyopasuka, shafti iliyolika mahali beringi inapokaa, ngoma ya visu (silinda inayozunguka ikiwa imebeba visu) iliyopigwa nyundo na gia ambazo kiwanda chake kimeacha kuzitengeneza vimo katika fungu la pili, na kimojawapo kikionekana tunaaga na kuondoka, hata kama mashine inawaka na kunguruma vizuri mbele ya macho yetu. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: huvutwa na rangi mpya na mota inayowaka, ilhali mota ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kubadilishwa.

Februari, katikati: umeme

Fundi umeme wetu amepima laini ya karakana. Tuna fezi moja tu ya volti 230, hezi 50, na maombi ya fezi tatu yatachukua muda. Hili linaamua mengi. Mota ya fezi moja yenye kilowati 2.2, yaani nguvu farasi tatu, huvuta kiasi cha ampea 13 au 14 ikiwa inafanya kazi kamili, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa zaidi ya hapo. Plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo haifai. Tutahitaji waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye ubao wa fyuzi, pamoja na kikatio chake chenyewe.

Mashine nyingi za mtumba zinazofika bandarini zimetoka Japani, Uingereza na bara la Ulaya, na kila mahali pana umeme wake. Vifaa vya mkono vya Japani ni vya volti 100. Vya Uingereza vilivyotumika kwenye ujenzi mara nyingi ni vya volti 110, vyenye plagi ya njano ya mviringo, na haviwezi kutumika bila transfoma yake. Mashine kubwa za Japani zenye fezi tatu hutumia volti 200, wakati fezi tatu ya kwetu ni volti 400, hivyo mota ya namna hiyo ikiunganishwa moja kwa moja itaungua. Inawezekana kuiendesha kwa inveta inayopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu, mradi inveta hiyo ipangwe itoe volti 200, lakini gharama ya inveta lazima iingizwe kwenye bei ya mashine tangu siku ya kwanza. Mota ya Ulaya yenye maandishi 230/400 kwenye kibati chake nayo inakubali inveta ya aina hiyo, ikiwa waya zake za ndani zitaunganishwa kwa mtindo wa pembetatu.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kusoma kwenye mashine yoyote ni kibati cha mota: volti, hezi, ampea, kilowati na mizunguko kwa dakika. Kibati kikiwa kimeng'olewa, tutachukulia kwamba mota hiyo haina thamani na kupanga bei kana kwamba mashine inauzwa bila mota.

Februari, mwishoni: Gerezani, mashine ya kwanza

Tumetazama mashine ya kuranda yenye rangi mpya ya kijani. Muuzaji aliiwasha kabla hatujaomba, na ilizunguka bila kelele. Nilimwomba aizime na kuchomoa waya, nikatoa rula ya chuma ya mita moja niliyoithibitisha unyoofu wake kwanza, pamoja na vipande vya karatasi ya kawaida ya fotokopi. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo ni kipimo kizuri kwa mtu asiye na vibati vya kupimia mianya. Rula husimamishwa kwa ukingo juu ya meza, kwa urefu, kwa upana na kwa kukatiza pembe hadi pembe, kisha karatasi hujaribiwa kupita chini yake. Karatasi moja ikipita kwa shida katikati ya meza ndefu, hiyo si kasoro ya kutisha. Zikipita tatu au nne, mbao zitakazotoka hapo hazitaunganika kwa gundi bila mwanya.

Kwenye meza ya kutolea, yaani ile inayopokea mbao baada ya kupita kwenye visu, karatasi zilipita nne, na upande wa pili wa meza hiyo rula ilicheza. Nilipiga magoti na kumulika tochi chini ya meza. Palikuwa na mstari wa kuchomelea kwenye ubavu wa kuimarishia, umefunikwa kwa rangi lakini unahisika kwa kidole. Chuma cha kusubu, yaani kile kinachomiminwa kwenye kalibu, hupasuka kikiangushwa, na joto la kuchomelea hukipinda zaidi kisipopashwa na kupozwa polepole. Kuichonga upya meza hiyo kungehitaji karakana kubwa ya vyuma na pengine kungegharimu zaidi ya mashine yenyewe. Tulishukuru, tukaondoka.

Kuanzia sasa tochi na kioo kidogo cha mkononi vinaingia kwenye mfuko wa vifaa. Upande wa chini wa meza husema ukweli kuliko upande wa juu, kwa kuwa wapaka rangi hawafiki huko kwa uangalifu uleule.

Machi, mwanzoni: vifaa vya mkono, pembeni ya mradi

Karakana pia inahitaji randa ya umeme ya mkono ya milimita 82 na msumeno wa mviringo, navyo tumevitafuta katika safari zilezile za Kariakoo. Vifaa hivi vina mota ya kaboni, yaani yenye vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ambayo ukaguzi wake ni tofauti na ule wa mota kubwa, kwa hiyo nauandika hapa.

Kwanza ni kuvinusa matundu ya hewa. Harufu ya vanishi iliyoungua haipotei upesi, na inaashiria amecha (sehemu ya mota inayozunguka) au koili iliyowahi kuzidiwa. Kisha kifaa huwashwa mahali penye kivuli na kutazamwa kupitia matundu hayo: cheche ndogo za buluu zilizotulia chini ya kaboni ni za kawaida, lakini cheche za njano zinazozunguka kama pete kwenye komuta nzima (vipande vya shaba ambavyo kaboni hugusa) ni dalili ya amecha yenye koili zilizogusana ndani. Kaboni zenyewe ni rahisi na hutolewa kwa bisibisi kwenye vifaa vingi. Zikiwa zimebaki milimita 6 au chini ya hapo ni za kubadilisha tu. Jambo la maana zaidi ni shaba ya komuta, ambayo inapaswa kuwa laini na yenye rangi ya kahawia iliyofanana pande zote. Ikiwa na mfereji uliochimbika au vipande viwili vitatu vilivyo vyeusi kuliko vingine, multimita (kipimo cha umeme) hupita kati ya kipande na kipande jirani, na vipimo vyote vinatakiwa vilingane.

Nyumba ya kifaa yenye alama ya mraba ndani ya mraba ina kinga mbili za umeme na haihitaji waya wa ardhi. Isiyo na alama hiyo ni lazima iwe na waya wa ardhi unaofika kwenye chuma cha nje, na multimita kati ya pini ya ardhi na chuma hicho isome karibu na sifuri. Wauzaji wengi hukata plagi ya asili na kuweka ya pini mbili, hivyo ukaguzi huu si wa kupuuza hata kidogo. Mtu anayeranda mbao mbichi yenye maji ameshika chuma hicho kwa mikono yote miwili.

Kwenye msumeno wa mviringo nilitazama pia kinga ya chini, ile inayojirudisha yenyewe. Mmoja tuliouona ulikuwa umefungwa waya ili kinga ibaki wazi. Springi yake ilikuwa nzima na kasoro hiyo ilikuwa ya kuondoa waya tu, lakini kifaa kilichotumika hivyo kimetumika na mtu asiyejali, na bamba lake la chini lilithibitisha hilo: lilikuwa limepinda kwa kuangushwa, wala halikukaa sambamba na msumeno. Tuliuacha. Randa tumeipata, volti 230, komuta safi, bamba la mbele na la nyuma sambamba kwa rula, na muuzaji ametoa stakabadhi yenye namba ya kifaa. Namba iliyokwanguliwa kwa tupa ni sababu tosha ya kutonunua, kwa maana kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi ni kosa la jinai hata kwa aliyelipa bei kamili.

Machi, katikati: Morogoro, mashine ya pili

Seremala mmoja mstaafu wa Morogoro anauza mashine yake kwa sababu watoto wake hawakufuata kazi hiyo. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye baada ya kuitikia akasema jambo lililonipa moyo: "Usiiwashe kwanza. Izungushe kwa mkono, uisikilize." Mashine ni ya Ulaya, ya miaka mingi, nzito, milimita 310, haijapakwa rangi upya. Nimeukagua kila upande wake kwa nusu siku, naye hakunikimbiza.

Meza: karatasi moja ilipita katikati ya meza ya kuingizia, na haikupita popote kwenye meza ya kutolea. Rula ikilala juu ya meza zote mbili zilizosawazishwa haikucheza. Niliweka fimbo mbili zilizonyooka, moja kila mwisho, nikachungulia juu ya ya kwanza kuitazama ya pili. Zililingana, maana yake meza hazijajipinda moja dhidi ya nyingine. Vipini vya kupandisha na kushusha meza vilizunguka bila kukwama, na nilipoinua ncha ya meza kwa mkono haikucheza kwenye reli zake.

Ngoma ya visu: hapa nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Nilitoa mkanda ili mota isinidanganye, nikashika ngoma kwa vidole na kuizungusha polepole. Beringi nzuri huzunguka kimya na kwa uzito uliofanana. Hii ilitoa mkwaruzo mdogo, na nilipoweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini wake sikioni, mkwaruzo ulisikika wazi upande wa puli (gurudumu la mkanda) na haukusikika upande wa pili. Kisha nilijaribu kuisukuma ngoma juu na chini. Haikucheza. Kwa maneno mengine beringi moja imechoka, lakini haijaanza kula shafti, na tofauti ya hali hizo mbili ndiyo tofauti ya mafungu yangu mawili. Tulifungua kifuniko na kusoma namba: 6205. Tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu, milimita 25, na beringi hiyo inauzwa kila mahali.

Midomo ya ngoma ilikuwa safi. Kabari zinazobana visu zilikuwa zile za asili, zenye urefu sawa, na bolti zake hazikuwa na vichwa vilivyochakaa. Sehemu hii nasisitiza kwa yeyote atakayeitumia shajara hii: kisu kinachochomoka kwenye ngoma inayozunguka mara 5000 kwa dakika kinaweza kuua. Bolti iliyobadilishwa kwa bolti yoyote iliyopatikana mtaani, au kabari iliyotengenezwa kwa mkono, ni kasoro ya fungu la pili mpaka zipatikane zinazostahili. Visu vyenyewe vilikuwa na mapengo. Mzee alieleza kwamba aliranda mvule, na mvule mara nyingine hubeba mawe ya chokaa ndani ya mbao ambayo hayaonekani mpaka kisu kiyaguse. Maelezo hayo yanaingia akilini, na visu hununuliwa.

Mota na puli: kibati kinasema fezi moja, volti 220, hezi 50, kilowati 2.2, mizunguko 2850. Nilipima puli ya mota, milimita 140, na puli ya ngoma, milimita 80. Ukigawanya 140 kwa 80 unapata 1.75, na 2850 mara 1.75 ni karibu 5000, mwendo ambao kibati cha mashine kinautaka. Hesabu hii ni fupi lakini inafichua mengi, kwa kuwa mota nyingi zilizoungua hubadilishwa kwa mota yoyote iliyopatikana, na mota ya mizunguko 1425 ikiwekwa kwenye puli zilezile ngoma itazunguka 2500 tu. Mashine yenye visu vitatu inayovuta mbao mita 8 kwa dakika huacha alama za visu zenye nafasi ya nusu milimita hivi ikiwa ngoma inazunguka 5000. Ikizunguka 2500 nafasi hiyo huwa zaidi ya milimita moja, na mawimbi yake huonekana kwa jicho baada ya vanishi. Mnunuzi asiyejua huilaumu meza au visu.

Baada ya hayo tu ndipo tulipoiwasha. Ilichukua muda kidogo kufikia mwendo wake, jambo ambalo fundi umeme alilihusisha na kapasita iliyodhoofika. Tulipitisha mbao ya mpaini chini, kwenye meza ya unene, mara moja kushoto kabisa na mara moja kulia kabisa bila kugusa kipini cha kimo, nikapima vipande viwili kwa vernia (kipimo cha unene): tofauti ilikuwa milimita 0.15. Inarekebishika kwa skurubu za meza. Rola ya mbele ilivuta vizuri. Meno ya kuzuia mbao isirudi nyuma yalikuwa yote yapo, na kila moja lilianguka lenyewe nilipoliinua kwa kidole. Yaliyogandishwa na utomvu hayafanyi kazi hata yakiwa mazima.

Swichi ndiyo niliyoikataa. Ni ya kupandisha na kushusha tu, kama ya taa. Umeme ukikatika katikati ya kazi na kurudi baadaye, mashine itajiwasha yenyewe, na mtu anaweza kuwa ameingiza mkono kutoa vumbi. Mashine ya kuranda inahitaji swichi ya sumaku inayojiachia umeme unapokatika na inayosubiri kubonyezwa upya, pamoja na kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia kinachofikiwa kwa goti au kwa kiganja.

Nilimweleza mzee kila kasoro na bei yake sokoni: beringi mbili (nabadilisha zote, hata ile nzima, kwa sababu kuifungua ngoma ni kazi ileile), mkanda, kapasita, seti ya visu na swichi. Sikuishusha thamani ya mashine kwa maneno. Alizijumlisha mwenyewe kwa kalamu, akatoa jumla hiyo kwenye bei yake, tukaandikiana mkataba mbele ya mjumbe.

Aprili, mwanzoni: usafirishaji na ufungaji

Mashine imefika Keko. Kabla ya kuipakia tulishusha meza ya unene hadi mwisho, tukaweka gogo la mbao laini kati yake na mwili wa mashine ili uzito usining'inie kwenye skurubu ya kupandishia, na wabebaji waliambiwa wainue kwa mwili wa chini. Meza ya juu si mpini wa kubebea. Ile tuliyoiona Gerezani pengine ilipasuka kwa kubebwa hivyo.

Beringi zimenunuliwa kwenye duka ambalo fundi vyuma wetu analiamini, zenye muhuri wa mpira pande zote mbili, maana vumbi la mbao ndilo adui wao mkubwa hapa. Beringi bandia ni nyingi sokoni, na dalili zake ni maandishi yanayofutika kwa ukucha na mpira uliokaa kombo. Ya zamani ilipotoka, shafti chini yake ilikuwa inang'aa bila mfereji wowote, na vernia ilisoma milimita 25 pande zote tulizopima. Beringi mpya ziliingia kwa kubanwa kwa jeki, nguvu ikienda kwenye pete ya ndani peke yake.

Aprili, katikati: hali ilivyo sasa

Kapasita na mkanda vimewekwa, na mota sasa inafika mwendo wake mara moja. Swichi ya sumaku imefungwa na kujaribiwa kwa kushusha kikatio mashine ikiwa inazunguka: ngoma ilisimama, na kikatio kiliporudishwa haikuwaka hadi kitufe kilipobonyezwa. Waya wa ardhi unasoma chini ya omu moja kutoka pini hadi mezani.

Visu vipya vimesimama milimita moja nje ya ngoma, na urefu wake umelinganishwa kwa kijiti cha mbao kilicholazwa juu ya meza ya kutolea: kila kisu, kikizungushwa kwa mkono, kinakisogeza kijiti hicho milimita 3 mbele, kushoto, katikati na kulia. Kisu cha tatu kilisogeza milimita 5 upande wa kulia na kimerekebishwa.

Yaliyobaki ni skurubu za meza ya unene kwa ajili ya ile tofauti ya milimita 0.15, kinga ya juu ya ngoma ambayo springi yake imelegea, na bomba la kutolea vumbi, ambalo litakamilika kabla ya kuingiza mninga, kwa kuwa vumbi lake huwasha pua na macho ya baadhi ya mafundi wetu. Mbao za kwanza zitakuwa za mpaini, kwa majaribio ya unene, kisha za kazi ya milango iliyoagizwa.